Mtandao Usio na Chef: Risala ya Wakaaji wa Kashebere kwa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mratibu wa Ofisi ya Uratibu wa Sauti za Mtandaoni. Wakubwa mliofuatana naye katika magari matano. Papa Chef wa kijiji. Mapadri na wachungaji. Mama na Papa, kaka na dada mliokaa na mliosimama:

Sisi wakaaji wa Kashebere, pamoja na jirani zetu waliokimbilia hapa kutoka vilima vya Masisi na ambao wengi wao bado hawajapata njia ya kurudi, tunakusalimu.

KARIBU KWETU

Barua ya ofisi yako ilisema utafika saa mbili asubuhi. Sasa ni saa nane mchana. Usijali, barabara hii na sisi tunaijua. Wanafunzi wamekuimbia wimbo wa makaribisho mara nne, kila tuliposikia injini. Mara tatu lilikuwa lori la mihogo. Dereva wa lori la pili alishuka, akacheza hadi mwisho wa ubeti, akatushukuru, akaenda zake.

Barua hiyohiyo iliagiza kwamba risala yetu isiwe na malalamiko, na kwamba neno "shukrani" lionekane si chini ya mara tano. Ili tusije tukasahau katikati ya mambo mengi, tunaomba kuziweka zote hapa mwanzoni: shukrani, shukrani, shukrani, shukrani, shukrani. Malalamiko hayamo kabisa. Tumeweka historia tu.

Tunaelewa kwamba umekuja kutuzindulia, kwa mara ya kwanza tangu vilima hivi viwepo, mtandao wa kijamii. Tumeona utepe, na tumeona mkasi. Barua yako iliuliza: "Kabla ya mradi huu, wakaaji walikuwa wakiwasiliana kwa njia gani?" Ni swali zuri. Tulikaa Jumapili baada ya misa tukatafuta jibu, tukakubaliana kwamba jibu lenyewe ni mtu, na jina lake ni Mama Adelaïde. Watu wako wa protokole waliomba yeye ndiye akupe maua. Hakuweza kuja. Kwa hiyo, badala ya maua, tutakupa habari zake.

HISTORIA FUPI, KAMA ULIVYOAGIZA

Mama Adelaïde ni mkulima wa maharagwe na mihogo. Alizaliwa upande wa Masisi, kwenye kilima ambacho babu wa babu yake alikilima. Baba yake alikuwa mkulima pia, lakini siku za mvua alitengeneza redio za kilima kizima, na kati ya watoto wake wote ni Adelaïde peke yake aliyeweza kukaa kimya muda wa kutosha kushika waya bila kutikisika. Baba alipokufa, kaka zake walichukua ng'ombe. Yeye alichukua mfuko wa vyombo: koleo, bisibisi na chuma cha kulehemu.

Mwaka ambao risasi zilifika kilimani kwao, maharagwe yalikuwa yametoa maua. Watu waliondoka kila mmoja kwa njia iliyokuwa mbele ya miguu yake. Adelaïde alifika hapa Kashebere na mdogo wake Callixte na ule mfuko wa vyombo. Mama yao hakufika. Alikuwa mzee, alitembea na fimbo, na kwenye njia panda alikuwa amefuata watu wengine.

Adelaïde alikuwa na simu. Akaingia kwenye ule mtandao mkubwa ambao dunia nzima inaujua, akaweka picha ya mama yake, akaandika: "Natafuta mama yangu. Alipigwa na baridi, anatembea na fimbo. Mwenye alimuona aniite." Baada ya siku mbili akaunti yake ilifungwa. Ujumbe ulisema amevunja kanuni za jumuiya.

Aliusoma mara tatu. Siku ya soko alimpelekea Jean-Luc, mwalimu wa shule ya ufundi kule Mubi, ambaye huja kununua maharagwe yetu.

"Nilivunja kanuni gani, Mwalimu? Kutafuta mama?"

"Pengine mashini iliona neno 'alipigwa' ikafikiri ni vita," Jean-Luc alisema. "Haielewi Kiswahili yetu."

"Na chef yake iko wapi, niende nimuone?"

"Mbali sana, Mama. Na hata ukifika, ku mulango hakuna muntu."

Adelaïde aligeukia gunia lake. Alifunga maharagwe ya mwalimu, akamfungia na yale ambayo hakuyanunua, kwa sababu mikono yake haikutaka kusimama.

Wiki kumi na moja zilipita. Mama akapatikana na motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliyetambua ile fimbo. Alikuwa Mubi muda wote, akilala nyuma ya duka lilelile ambalo Jean-Luc hununua chaki. Mwalimu alikuwa amempita kila asubuhi wiki kumi na moja, na mara mbili alikuwa amemsalimu. Walikaa pamoja miezi minne, mama na binti, kisha mama akafa kitandani, amefunikwa blanketi, jambo ambalo sisi huku tunaliita bahati.

Baada ya maziko Jean-Luc alirudi, amebeba kompyuta iliyopasuka kioo. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfanya aseme mengi. Alieleza kwamba kuna programu za mtandao wa kijamii ambazo hazina mwenyewe. Watu wa nchi nyingi wamezitengeneza, wakaziacha wazi: yeyote anaweza kuzichukua, kuziweka kwenye mashini yake, kuzifungua na kuzibadilisha. Sharti ni kwamba asifute majina ya waliozitengeneza, na akiwapa watu wengine wazitumie, awaonyeshe pia alichokibadilisha ndani. Kwa Kifaransa wanaita logiciel libre, yaani programu huru.

Adelaïde aliuliza swali moja tu. "Na ikikufa, naweza kuifungua miye mwenyewe?"

"Unaweza. Njo maana yake."

Basi, Mgeni rasmi, mtandao wetu ulianza hivyo. Mashini ilikaa katika chumba kidogo cha kituo cha afya, kwa sababu hapo pana antena, na muganga wa kituo alituruhusu kuitumia antena hiyo saa moja kila siku, saa sita mchana. Umeme ulitoka kwenye bamba la jua na betri ya lori. Watu waliokuwa sokoni waliingia kwa simu zao bila kununua megabaiti hata moja. Tukaita mahali hapo nyumba ya Kilima. Jean-Luc alikuwa na nyumba yake Mubi. Wabeba mizigo wa Rubaya, wale wanaoshusha mawe mgongoni kutoka kwenye machimbo, wakafungua ya tatu. Kila nyumba ina funguo zake, kanuni zake na watu wake wa kulinda mlango, na saa sita nyumba zinapeana habari. Aliyeandika Mubi anasomwa Kashebere. Hakuna nyumba iliyo juu ya nyingine.

Kazi iliyomchukua Adelaïde muda mrefu ilikuwa maneno. Programu ilijua Kifaransa na lugha nyingine nyingi, ila ya kwetu haikuijua. Alikaa msimu mzima wa mvua akitafsiri, neno kwa neno. Pale mashini ilipouliza kwa Kifaransa mtu ana wazo gani, yeye aliandika: "Uko na nini ku roho leo?" Na pale ilipotakiwa kusema kwamba kuna hitilafu ya seva, aliandika kitu ambacho watu wangekielewa, maana hitilafu yetu ilikuwa moja tu: "Jua imepungua. Rudia kesho."

MAFANIKIO

Watu arobaini na mmoja walipata jamaa zao kupitia nyumba hizo tatu. Orodha ya wanaotafutwa ilishikwa na Mukashema, muuza mihogo, jirani wa ng'ambo ya mto. Mukashema na Adelaïde hawakuzaliwa katika lugha moja wala hawakusali kanisa moja, na kwa hesabu za watu wenye bunduki walipaswa kuchukiana. Hawakupata nafasi. Walikuwa na kazi nyingi.

Lakini mafanikio tunayojivunia zaidi huwezi kuyapiga picha. Asubuhi moja ya soko, Adelaïde alikuwa akipukuchua maharagwe, akasoma kwenye simu maneno haya: "Batu ba ng'ambo wanaficha bunduki mu kanisa yabo. Tujiandae." Yalikuwa yamesukumwa mbele na watu zaidi ya thelathini. Vijana walikuwa wameanza kukusanyika karibu na kinu, na baadhi yao walikuwa na mapanga ambayo siku hiyo hawakuyaleta kwa ajili ya kulima. Aliangalia jina la aliyeandika. Alikuwa Callixte, mdogo wake.

Adelaïde alisimama. Aliweka ungo chini, akamwita Mukashema, wakavuka mto, wakatembea mwendo wa saa nzima. Padri aliwafungulia stoo. Ndani mlikuwa na majembe na mifuko ya saruji ya kujenga choo cha shule. Adelaïde alipiga picha majembe. Aliporudi aliyafuta maneno ya mdogo wake, akaweka picha, akaandika: "Nimefika mwenyewe. Iko majembe makumi mbili na nane. Mwenye anabisha, niko hapa, twende naye." Wawili walibisha, akawapeleka. Waliporudi, vijana wa kinuni walikuwa wameshaenda kunywa.

Kisha alimfungia Callixte akaunti mwezi mmoja, kama kanuni za nyumba zinavyosema.

"Unafunga miye, ndugu yako wa tumbo moja?" Callixte alifoka mlangoni kwake.

"Nimefunga mudomo yako mwezi moja. Weye sijakufunga. Ingia ule."

Hakuingia. Mwezi mzima kanisani alikaa nyuma ya nguzo ili asimwone dada yake, na dada yake aliendelea kuweka sahani ya pili mezani.

Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo, kwa sababu hakuna aliyekufa.

CHANGAMOTO, AMBAZO SI MALALAMIKO

Miezi saba iliyopita, siku ya Jumanne, ofisi yako ilitukumbuka. Tulifurahi, maana tulidhani haitujui. Walikuja vijana wanne na karatasi yenye sahihi yako, ambayo ni nzuri sana, yenye mkia mrefu. Karatasi ilisema kwamba Kashebere kuna "mtambo wa uvumi". Walichomoa mashini, wakaacha bamba la jua kwa sababu lilikuwa zito, wakampeleka Mama Adelaïde kwenye poste ya polisi. Mkuu wa poste wakati ule alikuwa Papa Théophile. Siku hizi ameacha kazi, anauza sabuni Mubi, ndiyo maana tunaweza kumtaja kwa jina.

Adelaïde ana kichwa kinachoshika maneno, na ametusimulia mahojiano yote.

"Chef wa hii réseau, hii mtandao yenu, iko nani?" Théophile aliuliza.

"Haina chef, Papa."

"Kila kintu iko na chef. Hata kanisa iko na chef."

"Hii iko na nyumba. Kila nyumba iko na batu ba kuilinda. Ya hapa ni siye. Ya Mubi ni bengine."

"Na nyumba kubwa iko wapi?"

"Hakuna kubwa."

Théophile aliandika: Anakataa kumtaja mkubwa wake.

"Programu yenyewe inaitwa nini?"

"Iko logiciel libre, Papa."

"Libre?" Aliinua macho. "Mulikombolewa na nani? Siku gani?"

"Hakuna mwenye alitukomboa. Ile libre maana yake unaweza kuifungua, unaona mambo ya ndani."

"Na hizi nyumba zinafanya nini pamoja?"

"Zinaongea. Mu Kifaransa banasema fédéré."

Hapo kalamu ilisimama. Adelaïde anasema alijua papo hapo kwamba amekosea, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Katika nchi yetu kuna watu walioulizwa maswali mengi kwa sababu ya neno linalofanana na hilo. Théophile aliliandika kwa herufi kubwa, FÉDÉRALISME, yaani siasa ya majimbo, akapiga mstari chini yake, akaona hautoshi, akapiga wa pili.

Alifungwa siku tisa katika chumba cha magunia. Hakuogopa chumba. Kilichomuumiza ni saa sita mchana. Kila siku saa hiyo alisikia kengele ya kituo cha afya, na alijua kwamba Mubi wanaandika, Rubaya wanaandika, na maneno yao yanafika Kashebere yanakuta mlango hauna nyumba.

Siku ya kwanza, jioni, mtu aliketi nje ya mlango wa poste na bakuli la bugali na mboga ya sombe. Alikuwa Callixte. Walinzi walimfukuza, akarudi. Siku ya pili aliruhusiwa kusogea hadi dirishani.

"Sasa tumefungwa siye wawili," alimwambia dada yake.

"Yako ilikuwa mwezi moja," Adelaïde alijibu. "Yangu sijui."

Callixte alicheka, kisha akalia, kisha akampa kijiko.

Siku ya nne mvua iling'oa mbao za daraja kwenye barabara ya Mubi. Jean-Luc aliandika saa sita kamili: "Daraja limeondoka. Batu ba Kashebere, musipite, hata na pikipiki." Maneno yalikuwa kweli, yalikuwa mafupi, na yaliandikwa kwa wakati. Watu wa Rubaya waliyasoma. Mtambo wetu wa uvumi ulikuwa kwenye rafu ya ofisi yako, Mgeni rasmi, na sisi hatukuyasoma. Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado chini, Mukashema alipanda pikipiki na mihogo yake kwenda Mubi. Motari aliogelea. Mukashema alipatikana kesho yake, mbali chini ya mto, kitambaa bado kichwani.

Callixte ndiye aliyempelekea Adelaïde habari dirishani. Alitafuta maneno, hakuyapata, akasema tu: "Dada, Mukashema ameenda na mto." Adelaïde alishika nondo za dirisha mpaka bakuli likapoa. Kisha aliuliza: "Watoto biko na nani?" Watoto wa Mukashema ni watatu.

Siku ya sita Papa Théophile aliingia chumba cha magunia peke yake, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia. Alikuwa na dada yake aliyepotea kwenye vita vya Masisi, akasema, yapata miaka miwili sasa. Je, ule mtambo...

"Mashini yangu munayo, siye hatuna," Adelaïde alimjibu. "Ingia ku nyumba ya Mubi. Andika jina yake, jina ya kilima, na mambo yenye watu watamukumbukia. Usiandike kama ni polisi. Andika kama ni ndugu."

Siku ya tisa, dada wa Papa Théophile aliongea naye kwenye simu kutoka Rubaya. Mchana huo dosye ya Mama Adelaïde, faili la kesi yake, ilipotea, na mwenye dosye akatoka kwa mguu. Ofisi yako haijawahi kumwachilia. Kwa mujibu wa karatasi zako bado yumo ndani, na tunaomba umsamehe kwa kuwa shambani.

HABARI NJEMA YA "SAUTI MOJA"

Mgeni rasmi, tusiwe watu wa huzuni mbele ya utepe. Tumeupokea kwa furaha mtandao wako mpya unaoitwa Sauti Moja. Una chef. Una nyumba moja, kubwa, mjini, na ufunguo mmoja, ulio mfukoni mwako. Una picha yako ukurasa wa mbele. Juma lililopita watu wako walituletea simu ya majaribio, ili tujifunze kushangilia mahali panapofaa.

Mama Adelaïde aliishika simu hiyo kwa mikono miwili. Alibonyeza. Mtandao wako ukamuuliza: "Uko na nini ku roho leo?"

Alisogeza simu karibu na macho. Akabonyeza tena mahali pengine, na mtandao, ambao unakaa katika chumba chenye kiyoyozi na jenereta mbili, ukasumbuka kidogo, kisha ukamjibu: "Jua imepungua. Rudia kesho."

Tulimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Mukashema. Alicheka hadi akakaa chini. Yule fundi wako kijana alidhani amefurahishwa na mradi, na akampiga picha. Tunaamini picha hiyo imo katika ripoti.

Hatuna wivu. Programu ni ya kila mtu, hiyo ndiyo sheria yake, na ofisi yako ni mtu kama watu wengine. Mlituchukulia mashini, mkaifungua, mkaona ndani, mkapenda. Lakini mlifuta majina. Ya watu wa nchi za mbali walioifanya kazi hiyo bila kutujua, la Jean-Luc, la Adelaïde aliyetafsiri, na la Mukashema, ambalo Adelaïde alikuwa ameliweka la kwanza. Pale palipokuwa na majina yao pameandikwa: "Kazi ya ubunifu ya Ofisi."

MAOMBI

Barua yako ilisema maombi yawe madogo na yanayotekelezeka. Tumeyapunguza mpaka yakabaki haya.

Rudisha majina, na utuonyeshe ulichobadilisha ndani. Hatukuombi fadhila. Ndilo sharti ulilolikubali siku ulipobonyeza kitufe cha kwanza, na tunajua hukulisoma, maana hata watu wema hawalisomi.

Tengeneza daraja. Mbao zilizopo tuliziweka sisi.

Fungua mlango wa Sauti Moja uongee na nyumba nyingine. Inaweza; ni programu ileile. Kwa upande wetu tumeshalijadili, maana Kilima ilirudi kusimama wiki ya tatu baada ya Jumanne ile, kwa kompyuta nyingine ya Jean-Luc na vyombo vya baba yake Adelaïde. Yaliyokuwa yamevuka kwenda Mubi na Rubaya tuliyapata yote, kwa kuwa nyumba zile zilikuwa na nakala. Wengi wetu tulitaka kukufungia mlango moja kwa moja. Callixte, ambaye siku hizi ni mlinzi wa mlango, na mkali kuliko dada yake, alisema upewe muda wa majaribio kama mtu mwingine. Ikapita kwa kura nne. Kwa hiyo unaruhusiwa kuandika kwetu, kwa jina lako, mwezi mmoja. Ukiandika kitu, mtu atavuka mto kwenda kuangalia.

Ombi la mwisho ni mashini yenyewe, ile iliyopasuka kioo. Haina thamani, na hata hatuitaki kwa kazi. Ila yapo maneno yaliyokuwa hayajavuka. Asubuhi ile ya Jumanne, kabla vijana wako hawajafika, motari mmoja wa safari alipita sokoni, akaandika ujumbe wa siri kwa walinzi wa nyumba, akamwambia Adelaïde kwa haraka akiwasha pikipiki: "Mama, nimeandika habari ya mutoto wa Dancille. Mahali yeye iko. Soma." Adelaïde alikuwa akihudumia mtu. Alisema atasoma saa sita. Saa nne mashini ilikuwa kwenye gari lenu. Motari hatujamwona tena, na simu yake hailii. Ujumbe umo ndani ya mashini, haujafunguliwa.

Mama Dancille yupo hapa. Ni yule wa mstari wa tatu, mwenye kitenge cha kijani, ambaye hakupiga makofi. Binti yake ana miaka tisa. Akiwa bado hai atakuwa na kumi mwezi ujao. Mama Dancille hajui kusoma, na hana neno na libre wala fédéré. Hakuja kwa ajili ya utepe. Alisikia kwamba leo anakuja mtu mwenye mashini, akatembea tangu alfajiri. Tangu magari yako yalipofika anaangalia nyuma ya viti, kuona kama umeileta.

Mgeni rasmi, Mungu akupe miaka mingi, na akupe watoto wako wote mezani kila jioni, ukiwahesabu na hesabu ikatimia. Akufikishe nyumbani salama. Na kabla hujashika mkasi, tunakuomba upite mstari wa tatu umsalimie huyo mama, naye akuulize mwenyewe.

Ni sisi,
Walinzi na wakaaji wa Nyumba ya Kilima, Kashebere.
Imesomwa kwa niaba ya wote na Joséphine-Marie, muuguzi wa kituo cha afya.